Malaika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wimbo huu na waliouimba upya

Malaika hauhitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Kiswahili. Unapigwa harusini, unapigwa kwenye vipindi vya zilipendwa, na watoto wanaujua kabla ya kujua mahari ni kitu gani. Lakini uliza ni wimbo wa nani, ulirekodiwa lini, au uliwafikiaje Boney M., kundi la disko la Ujerumani, na majibu yanaanza kugongana. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi kila mazungumzo yanapoingia kwenye muziki wa zamani. Penye mengi nimekaa, pasipo na mengi nimepita. Msimamo wangu nausema mapema: Malaika ni wimbo wa mtu asiye na kitu, na anayeusimulia bila kugusa suala la nani alilipwa na nani hakulipwa hajausimulia wote.

Malaika ni wimbo wa lini?

Inategemea unaulizia wimbo au santuri. Santuri ni ya Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fadhili William aliurekodi kwanza akiwa na bendi yake ya Jambo Boys, kisha mwaka 1963 akaurudia katika studio ya Equator Sound, na hiyo ya 1963 ndiyo iliyosambaa. Wimbo wenyewe, kwa mujibu wa wanaodai kuwa haukuanza kwa Fadhili, ulikuwa ukiimbwa tangu miaka ya 1940. Ndiyo maana ukikuta mtu anaandika “wimbo wa 1945” na mwingine “wimbo wa 1963”, si lazima mmoja wao awe amekosea. Huenda hawazungumzii kitu kimoja.

Fadhili William alikuwa nani?

Jina lake kamili ni Fadhili William Mdawida, mzaliwa wa Taita mwaka 1938. Hilo jina la mwisho linamtaja kwao: Wadawida ndio wenyeji wa milima ya Taita, watu tuliozoea kuwaita Wataita. Alikuwa mwimbaji na mpiga gita, mmoja wa wanamuziki waliojenga sauti ya Nairobi ya miaka ya mwanzo ya uhuru. Baadaye alihamia Marekani akakaa huko miaka mingi, akarejea nyumbani miaka ya 1990, na akafariki Nairobi tarehe 11 Februari 2001.

Watu humtaja kwa wimbo mmoja tu, na hilo ni kumpunja. Wakati ule Equator ilikuwa na kikosi cha wanamuziki waliokuwa wakirekodi pamoja, huyu akimpigia yule gita na yule akimwitikia huyu: Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka upande wa Zambia ya leo. Fadhili alikuwa mmoja wa nguzo za kikosi hicho. Ukisikiliza kazi zao utasikia twisti ya Nairobi ikichanganyika na rumba, na magita mawili yanayojibizana bila kukanyagana. Malaika umetoka ndani ya muziki huo.

Equator Sound ilikuwa kampuni ya nani?

Ya Charles Worrod, Mwingereza aliyefanya biashara ya santuri Nairobi. Ndiye aliyeusukuma Malaika nje ya Kenya, na ndiye aliyemtangaza Fadhili kuwa mtunzi wake. Msomaji auweke moyoni huo mpangilio, maana ndio unaoeleza ugomvi mzima unaofuata: mtunzi alijulikana kwa dunia kupitia karatasi za kampuni ya kurekodi.

Basi mtunzi halisi ni nani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na nitalijibu polepole.

Wanaotajwa ni wanne. Wa kwanza ni Fadhili William mwenyewe, ambaye jina lake limeandikwa na ndiye aliyetambuliwa katika mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kila kazi yake inapotumika. Wa pili ni Adam Salim, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1916. Inasimuliwa kwamba Salim aliutunga alipokuwa akiishi Nairobi mwaka 1945, kwa ajili ya msichana aliyeitwa Halima. Wazazi hawakuuridhia uhusiano huo, na binti akaozwa mwanamume mwingine, mwenye asili ya Asia. Wa tatu ni Grant Charo, Mkenya aliyedai kwamba wimbo ulikuwa wake kabla haujafika kwa Fadhili, ambaye walikuwa mashemeji. Wa nne ni Lucas Tututu wa Mombasa.

Tazama sasa umri. Mwaka 1945 Fadhili alikuwa mtoto wa miaka saba hivi. Kama kisa cha Salim ni cha kweli, Fadhili hawezi kuwa mtunzi wa asili; aliupokea wimbo, akaupanga na kuuimba vizuri kuliko wote waliomtangulia. Na kama Fadhili ndiye aliyeutunga, basi aliutunga akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, umri ambao mahari inamkaba mtu koo. Visa vyote viwili vinaingia ndani ya maneno ya wimbo bila kuacha mwanya, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kijana mwenye mapenzi bila mali hakuwa mtu adimu katika Nairobi ya 1945, wala katika Nairobi ya 1960.

Mimi kisa cha Salim kinanigusa, kwa sababu kina mji, mwaka na mtu. Lakini kisa chenye mtu ndani yake si ushahidi. Ushahidi wa kurekodi anao Fadhili. Kwa hiyo ninapoandika jina la wimbo huu huandika hivi: “Malaika, uliorekodiwa kwanza na Fadhili William, utunzi wake unabishaniwa.” Ni maneno marefu, lakini hayamnyang’anyi mtu kitu. Anayeandika kwamba Fadhili “aliuiba” anasema asichoweza kukithibitisha. Na anayeandika “umetungwa na Fadhili” kisha akaweka nukta amewafuta wazee watatu kwa mpigo mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa muziki wa Ulaya huwa hawaliangalii. Nyimbo za mijini kwetu wakati huo zilikuwa zikitembea kwa mdomo. Mtu anausikia wimbo kwenye dansi Pumwani, mtaa wa Nairobi, anaupeleka Mombasa, anabadilisha ubeti, mwenzake anaongeza kiitikio. Wengi wa wapiga gita hao hawakuwa na santuri wala karatasi. Aliyeingia studio kwanza ndiye aliyetoka na jina. Hilo halimaanishi alidanganya, linamaanisha tu kwamba mlango ulikuwa mwembamba na si kila mtu aliufikia.

Wimbo unasema nini hasa?

Kijana anampenda msichana, anataka kumuoa, na hana mali. Basi. Hamlaumu binti, hawalaumu wazazi kwa jina, hatoi ahadi kwamba kesho atatajirika. Anamwambia hali ilivyo: anashindwa, mali hana, angemuoa. Pesa zinamsumbua roho. Ule “nifanyeje” ni swali la mtu ambaye jibu analijua tayari.

Ninaupenda kwa sababu hauna majigambo. Nyimbo nyingi za mapenzi humfanya mwimbaji kuwa shujaa. Huyu anasimama mbele ya mwanamke anayempenda na kukiri kwamba mfuko umetoboka. Na “kijana mwenzio” inamweka sawa na binti: sote wawili ni vijana, sote tumekwama kwenye mambo yaliyopangwa na wakubwa.

Je, ni wimbo wa dini?

Hapana. Malaika hapa ni mpenzi.

Kidege kimeingiaje?

Ndege ni mpenzi katika mashairi yetu tangu zamani. Fundi Konde, mzaliwa wa karibu na Mombasa aliyewatangulia akina Fadhili, ana wimbo wake maarufu wa Tausi, ndege wake. Mwenye kuzoea nyimbo za pwani hashangai kusikia msichana akiitwa malaika kwenye ubeti mmoja na kidege kwenye mwingine. Vyote viwili vina mabawa, vyote viwili vinaweza kuruka vikakuacha.

Ni “nakuwaza kidege” au “hukuwaza kidege”?

Yote mawili yanaimbwa. “Nakuwaza” haina utata: ninakuwaza wewe. “Hukuwaza” inaweza kusikika kwa njia mbili. Mmoja atasikia mazoea, yaani huwa nakuwaza kila mara; mwingine atasikia lawama, yaani wewe hukunifikiria mimi. Kwa wimbo huu maana ya kwanza ndiyo inayokaa, kwa sababu hakuna mahali pengine popote ambapo kijana anamlaumu binti. Waimbaji wasiojua Kiswahili hushika matamshi waliyoyasikia kwa aliyewafundisha, na tangu Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, aupeleke wimbo kwenye majukwaa ya dunia, “hukuwaza” imeenea sana nje ya Afrika Mashariki. Ukiimba harusini, imba “nakuwaza”, usiwatie watu mashaka.

Miriam Makeba aliupataje, na kwa nini wengi wanadhani ni wake?

Makeba alizaliwa Johannesburg mwaka 1932, na tangu 1960 serikali ya makaburu ilimzuia kurudi kwao, hata kumzika mama yake hakuweza. Mwaka 1962 alikuja Kenya kuunga mkono harakati za uhuru na kuchangisha fedha kwa ajili ya Jomo Kenyatta. Afrika Mashariki haikuwa mahali pa kupita tu kwake, na Kiswahili kilikuwa sehemu ya nyimbo zake kwa miaka mingi iliyofuata.

Mwaka 1965 alitoa albamu pamoja na mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte, An Evening with Belafonte/Makeba, yenye nyimbo za Kizulu, Kisotho, Kixhosa na Kiswahili. Nyingi zinagusa maisha ya Waafrika chini ya ubaguzi wa rangi. Malaika umo, wakiuimba wawili, ukiwa umepewa jina la Kiingereza na la Kiswahili pembeni. Albamu hiyo ilishinda tuzo ya Grammy mwaka 1966 katika nyimbo za asili. Hapo Malaika uliingia kwenye nyumba ambazo hazikuwahi kuisikia Equator Sound wala kujua Taita iko wapi.

Kuna swali zuri hapa kuhusu Belafonte: alijua anachoimba? Ninaamini alijua vizuri kuliko wengi. Mwaka 1959 alikuwa mmoja wa wasanii wa Marekani waliochangia mpango wa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya wa kuwapeleka wanafunzi wa Kenya kusoma Marekani kwa ndege. Alijua maana ya kijana wa Afrika Mashariki mwenye uwezo wa kila kitu isipokuwa nauli.

Kwa nini watu wanadhani ni wa Makeba? Kwa sababu aliuimba miaka zaidi ya arobaini, jukwaa baada ya jukwaa, mpaka alipofariki Novemba 2008 nchini Italia baada ya onyesho. Msikilize anapofika kwenye ubeti wa kidege. Anapunguza sauti, anaacha nafasi ndogo kabla ya neno, kisha analiweka kana kwamba anaogopa kitaruka. Fadhili halifanyi hilo. Kwake ubeti unapita kwenye mwendo ule ule wa gita. Makeba aliufanya wimbo wa dansi kuwa wimbo wa kuketi na kusikiliza. Hiyo ni kazi kubwa ya msanii na anastahili heshima yake yote. Ila si utunzi.

Mbona mwanamke anaimba “ningekuoa”?

Ndiyo, kwa sarufi yetu mwanaume anaoa na mwanamke anaolewa, na sikio la Mswahili linastuka kidogo Makeba au Angélique Kidjo wanaposema “ningekuoa”. Lakini mwimbaji huvaa nafsi ya aliye ndani ya wimbo. Waimbaji wetu wa taarabu wamefanya hivyo vizazi na vizazi, mwanamke akiimba shairi lililotungwa na mwanaume bila kubadilisha hata silabi. Aliyejaribu kuugeuza uwe “ungenioa” ameuharibu, kwa sababu uzito wa mahari uko kwa kijana, na ukimhamisha msemaji hoja yote inaporomoka.

Nani wengine wameuimba?

Orodha kamili haiwezekani, na nadhani haina faida. Hawa ndio ambao kila mmoja ana jambo la kusikilizia.

The Hep Stars wa Sweden waliutoa mwaka 1967. Mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, ambaye miaka michache baadaye angekuwa mmoja wa wanne wa ABBA. Yaani wimbo wa kijana asiye na mahari ulikuwa kwenye redio za Stockholm wakati Fadhili mwenyewe akiwa bado mwanamuziki wa Nairobi, na kabla ABBA haijazaliwa.

Usha Uthup wa India alifika Nairobi, akapendwa na watu, akaimba Kiswahili, na Malaika akauimba pamoja na Fadhili William mwenyewe. Ana pia albamu aliyorekodi moja kwa moja Nairobi akiwa na bendi ya Fellini Five. Kwa wengi waliokulia India, Malaika ni wa Usha kama ambavyo kwa Wamarekani ni wa Makeba. Napenda sana habari hii kwa sababu ni miongoni mwa visa vichache ambapo aliyeuimba upya na aliyeurekodi kwanza walisimama pamoja.

Boney M. waliutoa mwaka 1981, ukiwa pia kwenye albamu yao ya Boonoonoonoos. Hili ndilo toleo ambalo mzazi wako aliyekuwa kijana miaka ya themanini huenda alilicheza. Mtayarishaji wao, Frank Farian, alikuwa na mkono wa kufanya kila kitu kiwe laini na king’are. Sauti ni nzuri, lakini nikilisikiliza sisikii mtu mwenye shida ya pesa. Kwa kusema kweli ndilo toleo ninalolirudia mara chache kuliko yote.

Angélique Kidjo wa Benin aliurekodi kwenye albamu ya Logozo mwaka 1991. Kidjo alikua akimsikiliza Makeba, na anamwimbia Makeba zaidi kuliko anavyomwimbia binti wa kwenye wimbo. Sauti yake ina nguvu ambayo ingeweza kuuvunja wimbo mwepisi kama huu, lakini aliishikilia, na hilo ndilo linalonivutia.

Kisha kuna bendi zetu. Kuanzia Mombasa hadi Zanzibar hakuna bendi ya hoteli isiyoujua. Wageni wanauomba, bendi inapiga kopi, na wimbo unafuatana na Jambo Bwana wa Them Mushrooms kana kwamba ni ndugu. Wengine wanawabeza wanamuziki hao. Mimi siwabezi. Mtu anayepiga Malaika kila jioni ili alipe kodi ya nyumba yuko karibu na kijana wa kwenye wimbo kuliko wengi waliouimba kwenye majumba makubwa.

Kuna wimbo mwingine wa Nairobi wa wakati ule uliovuka bahari hivyo?

Upo, na unasahauliwa. Helule Helule wa Daudi Kabaka, kutoka kikosi kile kile cha Equator, uliimbwa na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968 na ukaingia kwenye nyimbo ishirini bora za huko. Ukitaka kuelewa kwamba Malaika haukuwa bahati ya siku moja, bali Nairobi ilikuwa ikizalisha nyimbo ambazo dunia ilizitaka, anzia kwa Kabaka.

Malaika ni wa Kenya au wa Tanzania?

Swali hili limeharibu mazungumzo mengi mazuri. Ulirekodiwa Nairobi na Mkenya. Huenda ulitungwa na Mtanzania, naye akiwa Nairobi. Mwaka 1945 Kenya na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Waingereza na watu walivuka kutafuta kazi bila kujiuliza sana wako upande gani. Taita kwenyewe ni jirani ya Kilimanjaro. Lugha ya wimbo haina pasipoti. Ukiona mabishano ya nchi yameanza, ujue suala la mtunzi limeshasahauliwa, na anayeumia ni mtunzi.

Fadhili alilipwa?

Alitambuliwa kama mtunzi na mirabaha ikaandikwa kwa jina lake. Akina Salim, Charo na Tututu hawakuwa na nafasi hiyo. Lakini kutambuliwa kwenye karatasi na kupata haki yako yote ni mambo mawili. Kumbuka mazingira: Kenya ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1966, baada ya santuri kutoka na baada ya albamu ya Makeba na Belafonte. Mkataba wa Berne, ambao unazifanya nchi zilinde kazi za watunzi wa nchi nyingine, Kenya ilijiunga mwaka 1993, na Tanzania mwaka uliofuata. Wimbo ulikuwa umeshazunguka dunia kwa miaka thelathini. Mwanamuziki wa Nairobi wa mwaka 1967 angejuaje kwamba bendi ya Sweden imetoa wimbo wake? Na angejua, angemwandikia nani barua?

Kisa cha Solomon Linda kinafaa kusomwa pamoja na hiki. Linda, Mzulu, alirekodi Mbube mwaka 1939 katika studio ya Gallo, Johannesburg. Haki za wimbo aliziachia kwa shilingi kumi. The Weavers wa Marekani wakauimba kwa jina la Wimoweh, The Tokens wakautoa mwaka 1961 wakiwa wameuongezea maneno ya Kiingereza na ukashika namba moja Marekani, na mwaka 1994 ukaingia kwenye filamu ya katuni ya Disney kuhusu simba. Linda alifariki 1962 akiwa maskini. Binti zake walifungua kesi mwaka 2004, na mwaka 2006 wakafikia makubaliano ya kulipwa. Makeba, kwa njia, aliuimba Mbube pia, kwenye albamu yake ya kwanza ya mwaka 1960.

Tofauti kubwa kati ya visa hivi viwili ni kwamba kwa Mbube hakuna aliyebisha nani alitunga. Kilichokosekana ni malipo. Kwa Malaika hata mtunzi hatukubaliani, na kampuni haiwezi kumlipa mtu ambaye watu wake wenyewe hawajamtaja kwa sauti moja. Ndiyo maana naona kuandika habari za wazee hawa, na kuwataja wote, ni kazi yenye faida na si upekuzi.

Nataka kuurekodi mwenyewe. Niombe ruhusa?

Ndiyo. Tenganisha vitu viwili. Kuna rekodi, yaani ile sauti ya Fadhili kwenye santuri ya 1963. Na kuna wimbo, yaani maneno na tuni. Kwa sheria ya Kenya rekodi inalindwa miaka hamsini tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, wimbo unalindwa katika uhai wa mtunzi na miaka hamsini baada ya kifo chake. Fadhili akihesabiwa kuwa mtunzi, basi wimbo unalindwa Kenya hadi mwisho wa 2051. Nchi nyingine zina hesabu zao, nyingi zikiwa ndefu zaidi.

Kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa ni zilipendwa ni mali ya umma. Tanzania pa kuanzia ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya huko; Kenya ni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Watakuelekeza kwa wanaosimamia kazi hiyo. Ukiuweka mtandaoni bila ruhusa, jukwaa lenyewe huenda likazielekeza pesa za matangazo kwa mwenye haki anayetambuliwa kwenye orodha yake, na kazi yako ikabaki pale bila kukuingizia kitu. Na kwenye maelezo andika jina la Fadhili William. Wengi huandika “wimbo wa asili wa Afrika”, na hakuna maneno yanayomfuta mtunzi upesi kuliko hayo.

Nianze kusikiliza toleo lipi?

La Fadhili, bila mjadala. Sikiliza gita linavyotangulia na sauti inavyoingia kwa utulivu, kama mtu anayeongea na mwenzake barazani. Halafu Makeba na Belafonte. Halafu Kidjo. The Hep Stars na Boney M. waje mwisho, ukiwa tayari unajua wimbo unasema nini, maana ukianza na wao utaubeba kama wimbo wa furaha na itakuchukua muda kuusikia upya. Kama unawafundisha watoto, wape maneno kwanza, tuni baadaye.

Unapigwaje kwa gita?

Kodi tatu (chords) zinatosha: ya kwanza, ya nne na ya tano. Ukianzia G, unahitaji C na D tu. Wanaoanza hukosea mwendo kuliko kodi: wanaukimbiza. Uweke polepole kidogo kuliko unavyodhani, mkono wa kulia uwe mwepesi, na besi itembee yenyewe chini. Mkiwa wawili, wa pili asikanyage sauti ya mwimbaji bali ajibu anapopumua. Na kama sauti yako haifiki juu kwenye kiitikio, shusha ufunguo mpaka ufike bila kupiga kelele. Wimbo huu ukipigiwa kelele unageuka kuwa madai, na huyu kijana hadai kitu.